Kufuli Lililosema Neno Moja

Kama ulikosa gazeti la wiki jana, hukukosa la kufurahisha. Kaa nikuonjeshe kidogo, kisha tuendelee.

Tulimwacha Valdemar, fundi wa simu na kompyuta wa mtaa wa Ufukoni, amesimama mlangoni kwa Bi Zuhura kule Likombe, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, hajui aingie au ageuze.

Bi Zuhura ni kungwi. Haoni. Presha ya macho ilimzimia taa akiwa mtu mzima, lakini kazi yake haikuwahi kutegemea macho. Siku hizi mabibi harusi hawawekwi ndani kama zamani. Mmoja yuko Dar, mwingine Tunduru, mwingine ng'ambo ya Ruvuma. Humrekodia sauti kwenye simu wakamweleza yaliyo moyoni, naye huwarudishia mafunzo kwa sauti. Zile sauti huzihifadhi kwenye kompyuta. Programu inayomsomea yaliyo kwenye skrini ameibandika jina: Mpambe. Kila anapogusa kitu, Mpambe humwambia amegusa nini.

Shida ilianza pale mwanawe, Hashimu, alipoleta kisanduku cha intaneti na kuunganisha vyombo vyote vya nyumba. Kilichomo kwenye kompyuta ya mama kikawa kinaonekana kwenye runinga ya sebuleni. Ndipo Valdemar alipoitwa atafute programu ya faragha: kufuli la kuzificha sauti za wanawake wale, na liwe kufuli ambalo Mpambe anaweza kulisoma. Akatafuta, akapima, akaweka.

Na Ijumaa iliyopita, mbele ya shangazi za bwana harusi waliokuja na khanga za sherehe, runinga ikasema.

Ikasema kwa sauti ya Zawadi, yule msichana mshonaji wa Ufukoni aliyeposwa na bwana harusi huyo: "Bibi, nikianguka kifafa mbele yake kabla sijamwambia mwenyewe, nitamtazamaje?"

Rimoti ilikuwa mkononi mwa Sharifa, mke wa Hashimu.

Fundi alipoulizwa kwa simu, alijibu neno la kifundi, tena neno la kweli: "Kufuli lile halifunguki lenyewe. Mpaka mkono wa mtu uliguse."

Neno hilo ndilo lililomfungisha Sharifa mizigo.

* * *

"Ingia, Valdemar, unanipitishia nzi," Bi Zuhura alisema kutoka ndani.

"Shikamoo, Bibi. Umejuaje ni mimi?"

"Marahaba. Ni nyinyi tu watu wa ng'ambo mnaobisha hodi halafu mkasimama nje kama mnasubiri mtumbwi."

Valdemar alitabasamu kwa taabu. Babu zake walivuka mto kutoka Msumbiji kabla yeye hajazaliwa, lakini Likombe nzima bado inamvusha kila siku.

Akavua kiatu cha pili, akaingia. Kompyuta ilikuwa mezani, wazi.

"Alasiri Bakari anafika kutoka Mpapura kumchukua binti yake Sharifa," Bi Zuhura alisema. "Kabla hajafika nataka nijue jambo moja. Huyu mkwe wangu alilifungua kufuli mara ngapi? Nijue nina wanawake wangapi wa kuwaomba radhi."

"Bibi, una hakika ni yeye?"

"Wewe ndiye uliyenipa hakika."

Valdemar akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Naenda uani kutia udhu," mama yule akasema, akishika ukuta kwa ncha za vidole. "Mzime Mpambe ufanye kazi yako. Humo mna maneno ya wanawake. Safari ile ulimzima bila kuambiwa, nikasema moyoni, huyu amelelewa. Aliyekulea amekulea."

Akatoka.

Sifa ile ilimkaa Valdemar kooni kama mwiba wa samaki.

Kweli amelelewa. Bibi yake Graca, ambaye ukoo mzima ulimwita Vovo, alikuwa kungwi kule Kilambo, karibu na mto. Akiwa mdogo, Valdemar alisogelea kibanda ambacho Vovo alikuwa akizungumza na mwari, akafukuzwa kwa mwiko wa ugali. "Ya huku si ya sikio lako!" Alikua akijua hivyo. Mwanamume akipita penye maneno yale, hupita haraka akiangalia chini.

Sasa sikiliza alivyopima makufuli.

Dukani kwake alijifunga kitambaa cheusi machoni, kwa kuwa aliona si haki kumchagulia asiyeona kwa macho yanayoona. Programu ya kwanza ilikuwa imara, sifa zake tele, lakini Mpambe alipoisoma alisema tu: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kama mtu anayehesabu mbuzi asiowajua majina. Akaitupa.

Ya pili ilianza vizuri, mara ikadai uthibitisho: chagua picha zote zenye pikipiki. Bi Zuhura alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Ningeiona pikipiki si ningeipanda nikaenda sokoni?" Hiyo nayo akaitupa.

Ya tatu ilisomeka neno kwa neno. Dukani alifika nayo mpaka hatua ya mwisho akiwa amefumba macho. Hatua iliyobaki ilikuwa ya nyumbani: kulitia kufuli lenyewe kwenye sauti za Bi Zuhura na kulijaribu.

Alipozifungua tu, Mpambe akaanza kutaja majina ya rekodi. "Mwari wa Tunduru, mambo ya chumba..."

Valdemar alimzima kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Akamalizia kazi kwa macho. Akagusa kufuli, likawa la kijani, limefungwa. Akagusa tena, likawa jekundu, liko wazi. Akagusa tena, kijani. Akaona liko sawa. Akaaga, akaenda zake, na moyoni akajisifu kwa adabu.

Leo, akiwa peke yake mbele ya kompyuta ileile, alifikiri kwa utaratibu wake wa siku zote. Akafungua folda mpya tupu. Akajirekodi akihesabu moja mpaka kumi, akaiweka sauti hiyo humo, akaitia kufuli. Akatoa kitambaa cheusi mfukoni, akakifunga. Akamwamsha Mpambe.

Akagusa.

"Kufuli," Mpambe akasema.

Akagusa tena.

"Kufuli."

Akagusa mara ya tatu, mara ya nne, akaendelea mpaka akapoteza hesabu, akaacha.

"Kufuli."

Limefungwa au liko wazi? Hakujua. Alikaa gizani na neno lile moja. Akakivuta kitambaa.

Lilikuwa jekundu. Wazi kabisa.

Rangi ndiyo iliyokuwa ikisema hali ya kufuli, na rangi Mpambe hazisomi.

Kilichomuumiza kupita vyote ni ile folda tupu. Angeweza kufanya hivi siku ile. Sauti yake mwenyewe ikihesabu, hamna siri ya mwanamke yeyote humo, na Mpambe angeachwa aseme. Jambo jepesi hivyo. Hakulifikiria, kwa sababu alikuwa ameshughulika kuwa mtu wa adabu.

* * *

Bi Zuhura alirudi, maji yakimdondoka viwikoni.

"Bibi, ukitaka kulifunga unafanyaje?"

"Nagusa. Mpambe anasema kufuli. Basi limefunga."

"Na ukitaka kulifungua?"

"Nagusa. Anasema kufuli." Akacheka. "Mpambe wako ana neno moja tu, kama bwana harusi mbele ya shehe. Mimi nahesabu mwenyewe kichwani. Mara ya kwanza nimefungua, mara ya pili nimefunga."

"Na ile Ijumaa?"

"Ijumaa nilikuwa namsikiliza Zawadi. Wageni wakapiga hodi, simu nayo ikaita. Nikagusa nikatoka." Akajifuta uso kwa upindo wa khanga. "Au niligusa kabla simu haijaita... Niligusa. Kwa nini unauliza?"

Msomaji, mlango ulikuwa wazi hapo. Neno moja lingetosha.

"Nahakikisha tu, Bibi," Valdemar akasema.

Akaomba maji ya kunywa apate kutoka.

Uani Sharifa alikuwa akimenya ming'oko, vile viazi vya porini, mkeka mmoja, sinia moja, begi limefungwa zipu kando yake. Alinyanyuka akamchotea maji, akampa kwa mikono miwili.

"Nawapikia cha kuagia," alisema. "Mama anapenda ming'oko yangu. Wengine wanaichemsha inakuwa kama sabuni."

"Sharifa..."

"Fundi, ulisema kufuli halifunguki lenyewe."

"Nilisema."

"Na mimi sikuligusa. Ile kompyuta naifuta vumbi kwa mbali kama naogopa itaniuma. Ile siku natafuta kaswida niwawekee wageni, nikaona kwenye tivii kimejitokeza kitu kimeandikwa 'Zawadi'. Nikasema labda ni zawadi ya mama, kaswida mpya. Nikabonyeza." Akakaa tena, akashika kisu. "Sasa tuseme nini? Jini?"

Valdemar aliyatazama maji ndani ya kikombe.

"Khanga zake unaziona pale?" Sharifa akaonyesha kamba. "Kila khanga nimeifunga kifundo pembeni. Kifundo kimoja ya jikoni, viwili ya kutokea, vitatu ya msibani. Anaishika tu, anajua. Miaka yote hajawahi kwenda msibani na ya jikoni. Mtu anayefanya hivyo ndiye anayemwibia siri?"

Vifundo. Valdemar alihisi uso unamwaka. Mwanamke huyu asiyegusa kompyuta alijua kwamba kitu lazima kimwambie mwenyewe kilivyo, mkononi kama si machoni. Naye fundi hakujua.

"Sikuombi unitetee," Sharifa akasema. "Kila mtu ana watoto wa kulisha. Nakuomba useme ulichokiona tu."

"Nitasema," Valdemar akajibu.

Alimaanisha. Lakini kumaanisha na kusema ni nyumba mbili, na katikati yake pana mto.

* * *

Alirudi mezani akafanya anachokijua. Alilitoa lile kufuli la rangi. Akairudia programu ya pili, ile ya pikipiki. Safari hii hakuikimbia. Alimwacha Mpambe ashuke polepole mpaka chini ya zile picha, na chini kabisa Mpambe akasoma: "Sikiliza badala ya kutazama. Kitufe."

Kilikuwepo tangu mwanzo.

Akakibonyeza. Ikasikika sauti ikitaja tarakimu, akaziandika, mlango ukafunguka. Akaweka kufuli jipya, akafunga kitambaa, akagusa.

"Kufuli, limefungwa," Mpambe akasema.

Akagusa.

"Kufuli, liko wazi."

Akavua kitambaa. Sasa kila kitu kilikuwa sawa, na hapo ndipo ubaya ulipo. Kosa lilikuwa limefutika kama maandishi mchangani. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulikuta tena.

"Nimekuwekea jingine, Bibi," alisema. "Hili ni zuri zaidi."

"Lile lilikuwa na ubaya gani?"

"Hili lina maneno mengi kidogo."

Bi Zuhura alisogeza kiti, akagusa mwenyewe. *Limefungwa.* Akagusa. *Liko wazi.* Akagusa tena na tena, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza mlango wa jirani. Valdemar akaona kidole chake kinakawia kuinuka, akajiambia ni uzee.

Hashimu akaingia, jasho la kazini bado mgongoni.

"Fundi! Umekuta nini?"

"Lilikuwa wazi."

"Hilo tunalijua, tivii ilitutangazia. Nani kalifungua?"

"Ni... ni mtu wa humu ndani."

Kweli tupu. Wala hakudanganya hata herufi.

"Basi," Hashimu akasema, na sauti ikamvunjika. "Nilikuwa nimebakiza tumaini dogo kwamba ni mambo ya mitandao, watu wa mbali. Nilitaka uniambie ni watu wa mbali, Valde."

Akatoka kabla fundi hajapata pumzi. Kule nje alisikika akimwambia mkewe neno moja, na kisu cha Sharifa kikasimama.

Hivyo ndivyo Valdemar alivyomhukumu mtu mara mbili kwa maneno ya kweli.

* * *

Baada ya swala ya alasiri walikaa sebuleni. Runinga ilikuwa imefunikwa kitambaa kama yenye msiba. Bi Zuhura kwenye mkeka, simu mapajani, spika ndogo ya waya kwenye sikio la kulia, ili Mpambe, ambaye yumo kwenye simu pia, amsemeshe yeye peke yake. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya Valdemar. Yeye fundi alikaa karibu na mlango.

Bakari, baba mdogo wa Sharifa, alikuwa mkulima wa korosho, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "binti huyu nilimleta hapa kwa ngoma. Leo mnaniita nimchukue kwa bodaboda. Mpapura wataniuliza kafanya nini. Niwaambie kabonyeza rimoti?"

"Uwaambie amevunja siri," Bi Zuhura akajibu. "Yupo binti wa watu sasa hivi kafunika cherehani yake, hatoki ndani. Alitaka amwambie mchumba wake kwa kinywa chake, kwa saa yake. Tulikuwa tunaliandaa neno hilo mimi na yeye, taratibu, kama unavyomfundisha mtoto kutembea. Wakasikia mashangazi kabla ya mwenyewe. Nani atanipa tena siri yake?"

"Na kina bwana harusi wamesemaje?"

"Wamenyamaza. Ningeona heri watukane."

Valdemar alijua cherehani ile. Asubuhi alipita mbele yake, akainama kama aliyedondosha kitu, apite asimwone mama wa Zawadi kibarazani.

Sema, akajiambia. Sema sasa.

Akafungua kinywa. Hashimu alikuwa amemkazia macho kwa shukrani, shukrani ya mtu aliyeambiwa ukweli mchungu. Kinywa kikafungwa.

Akatoa simu. Mikono yake ilikuwa hodari kuliko ulimi wake siku zote. Akaandika: *Bi Zuhura, Sharifa hana kosa. Lile kufuli halikuwa linakuambia limefungwa au liko wazi. Wewe mwenyewe ndiye uliyeliacha...* Akafuta. Akaandika upya: *Kufuli lilibaki wazi bila wewe kujua, kwa sababu sikulijaribu kwa sikio. Nilimzima Mpambe nikalijaribu kwa macho. Sharifa hakuligusa. Kosa ni langu. Valdemar.*

Alipoinua uso, Sharifa alikuwa anamtazama vidole.

Akatuma.

Simu ikatikisika mapajani mwa Bi Zuhura. Bakari alikuwa katikati ya maneno, anaeleza jinsi ukoo wao haujawahi kurudishiwa binti. Bi Zuhura akagusa kioo. Waya mweupe ukashuka kutoka sikioni mpaka kwenye simu, na ndani ya waya ule, bila mtu mwingine kusikia, Mpambe akaanza kusoma.

Valdemar aliutazama uso ule. Hakuna kitu kilichosogea. Ila kidole. Kidole kilitelezeshwa kushoto, polepole, mwendo aliomfundisha yeye mwenyewe: rudia.

Mpambe akasoma mara ya pili.

Sasa atasema, Valdemar akawaza. Atalia, atanitukana, atamwita Sharifa amkumbatie. Alikuwa tayari kwa matusi. Aliyatamani.

Bi Zuhura akagusa kioo kunyamazisha.

"Kampuni ya simu," akasema. "Wanauza vifurushi. Endelea, Bakari."

Valdemar hakuamini masikio yake. Kisha akaelewa, na kuelewa kukawa kubaya zaidi. Siri ikivunjwa na mkwe, kungwi ni mwathirika, watu watamwonea huruma. Siri ikiachwa wazi kwa kidole cha kungwi mwenyewe, hakuna mwari atakayemletea tena neno. Huyu mama ana kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuaminiwa. Nani angemlaumu? Valdemar mwenyewe alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, na hakuwa na cha kupoteza hata nusu ya kile.

Hakumlaumu. Lakini Sharifa alikuwa ameshavuta begi.

"Basi kama ni kwenda, twende jua halijazama," Bakari akasema. "Inuka, mwanangu. Waage."

Sharifa akapiga goti mbele ya mama mkwe wake, akamshika mikono.

"Mama, nakuaga. Ming'oko iko kwenye hotipoti, nimeitia chumvi kama unavyopenda."

"Nenda salama, mwanangu." Sauti ya Bi Zuhura ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Nina neno moja, kisha naondoka."

"Liseme."

"Vifurushi vya kampuni ya simu, mama, unavipita bila kuvisikiliza. Miaka yote nakaa na wewe, huwa unasema, 'Hawa nao!' unavipita." Sharifa hakupandisha sauti. "Leo umevirudia."

Bakari akageuka kumtazama Bi Zuhura. Hashimu naye.

"Kidole chako kilirudi kushoto. Nimekiona. Na fundi alikuwa anaandika." Akauachia mkono mmoja. "Sikuulizi kimeandikwa nini. Nakuomba uchomoe huo waya tu, Mpambe atusomee na sisi hicho kifurushi."

"Sharifa!" Hashimu akasimama. "Unamwambia mama maneno gani hayo?"

"Kaa chini, Hashimu," Bi Zuhura akasema.

Akakaa.

Bi Zuhura aligeuza uso. Kwa kawaida yeye huugeukia pale sauti inapotoka, na mlangoni hapakuwa na sauti yoyote. Lakini uso wake ulikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, ukatulia juu ya Valdemar.

"Fundi."

"Naam, Bibi."

"Huu waya ukichomolewa, Mpambe anasema na nani?"

"Na wote, Bibi. Kila aliyemo humu."

"Na wewe ukitaka, hapo ulipokaa, unaweza kumzima?"

Simu ya mama yule aliiunga na yake siku nyingi, ili amsaidie kwa mbali akikwama. Kitufe kilikuwa chini ya kidole gumba chake. Alishawahi kumzima Mpambe mara moja katika nyumba hii, kwa adabu, na adabu hiyo ikamvunjia Zawadi uso na kumfungisha Sharifa begi.

Akaiweka simu sakafuni, kioo kikiangalia chini, akaisukuma mbali na goti lake.

"Naweza," akasema. "Lakini simzimi."

Bi Zuhura akainamisha kichwa. Mkono wake ukapanda taratibu juu ya khanga, ile ya vifundo viwili, ukaupata waya, ukaushika.